Barua kwa Mhariri: "Pick" siyo "chagua" tu, kijana wetu kakosa usaili kwa hilo neno

Mhariri, salaam.

Mimi ni msomaji wenu wa siku nyingi hapa Vwawa, nina steshenari ndogo karibu na stendi, natoa kopi, naprinti, najazia watu fomu za mtandaoni, na gazeti lenu huwa linakaa pale kwenye benchi la wateja mpaka linachakaa. Naandika kuhusu ile kona yenu ya Kiingereza. Wiki mbili zilizopita mliweka orodha ya maneno kumi, la nne lilikuwa "pick", mbele yake mkaandika neno moja tu, chagua, mkahamia la tano. Siwalaumu kwa ubaya, najua nafasi ni finyu na kona yenyewe inasaidia sana, kuna mabinti wa kidato cha pili wanakuja hapa dukani kuinakili kwenye madaftari yao. Ila hili neno naomba mlirudie mlipe nafasi yake, maana limetuumiza nyumbani kwetu na naamini sio sisi peke yetu.

Niwaeleze ilivyokuwa. Mtoto wa dada yangu kamaliza diploma ya mambo ya hoteli, kakaa nyumbani karibu mwaka mzima anatuma maombi huku na huku, mwezi wa nne akaomba kazi sehemu moja Mbeya, jina silitaji. Jumanne jioni ikaingia meseji kwenye simu yake, fupi tu, ya Kiingereza: "Shortlisted candidates should pick an interview slot before Thursday 4 pm." Basi. Kumbe kulikuwa na barua pepe pia, ndani yake ndo kuna linki ya kubonyeza, ila bando lilikuwa limekata na meseji ndo aliyoiona, na yeye kwa furaha aliyokuwa nayo akaona meseji inajitosheleza. Akamwambia mama yake nimeitwa intavyuu, kesho naenda Mbeya kupiki slot, nikishachukua wataniambia siku.

Mnaona alivyoielewa? Alidhani slot ni karatasi, kama kile kinamba unachopewa hospitali ukakae kwenye foleni, na kupiki ni kwenda kuchukua. Na sio mjinga yule kijana, hapana. Ndivyo neno linavyotumika mtaani kwetu kila siku. Nipiki stendi saa mbili. Nimetuma mzigo kwa basi la asubuhi nenda kaupiki. Nimekupigia mara tatu hupiki simu. Mtoto nani anampiki shule leo? Hata ile gari ya mizigo tunaita pikapu. Kila mahali alipolisikia tangu azaliwe linamaanisha fuata, chukua, pokea. Hakuna siku mtu alimwambia "piki rangi unayoitaka", hiyo tunasema chagua na maisha yanaendelea. Kwa hiyo alisoma sentensi ya Kiingereza kwa maana ya mtaani, maana ndo pekee aliyokuwa nayo.

Jumatano alfajiri dada akampa nauli, elfu kumi na mbili ya kwenda na kurudi na kachai kidogo, akapanda kosta akafika pale getini saa nne kasoro kavaa shati jeupe. Mlinzi akamuuliza unamfuata nani, akasema nimekuja kupiki slot. Mlinzi akacheka kidogo akamwambia dogo, slot haichukuliwi hapa, unachagua muda mwenyewe kwenye simu, ingia kwenye email yako. Akatoka akatafuta pa kununua bando, akafungua ile linki, siku zote zimejaa, zimebaki nafasi mbili za saa mbili asubuhi Alhamisi ileile, yaani kesho yake. Angeweza kuziwahi, ila alitaka kumuuliza mama yake kwanza kama atapata hela ya kulala Mbeya au nauli nyingine, na dada simu ilikuwa imezima chaji. Alipompata saa tisa zile mbili nazo zimeshachukuliwa na wenzake. Jioni akanijia dukani na lile shati jeupe limeshakuwa na vumbi kwenye kola akasema, "Mamdogo, si walisema nikapiki?" Mi nilikosa cha kumjibu palepale.

Nimelifikiria hili neno tangu siku ile, na nilipoona kona yenu imeandika pick ni chagua basi nikasema hapana, huyu kapata nusu moja na gazeti limetoa nusu nyingine, na kuna mtoto mahali atakariri pick ni chagua halafu siku moja tajiri wake atamwambia "pick up the boxes" na yeye atabaki anachagua maboksi badala ya kuyabeba.

Sasa mi Kiingereza sikukisomea chuo, nilifika kidato cha sita tu, lakini miaka yote hii kazi yangu ni kusoma fomu na barua za watu, na kuna mahali pengine nililielewa hili neno kabla hata ya shule. Nimekulia kwenye kahawa. Huku Mbozi ukizaliwa kwenye nyumba yenye miti ya kahawa, ukifika umri wa kushika kapu unashika. Mama alikuwa na sheria moja msimu wa kuchuma, nyekundu tu. Asiyeijua kahawa anadhani tawi zima linaiva siku moja kama mkungu wa ndizi, sivyo, kwenye tawi moja utakuta tunda la kijani kabisa, lingine la njano njano, lingine jekundu limeiva vizuri na lingine limepitiliza limekuwa jeusi, yote yamebanana sehemu moja. Kwa hiyo unalizungusha tunda moja kwa kidole gumba na cha shahada, linakatika, linaingia kapuni, na wakati huo jicho limeshaenda kwenye jekundu lingine na vidole vinapita katikati ya yale ya kijani bila kuyagusa. Mti uleule unaurudia mara tatu mara nne kwa msimu. Ukiona uvivu ukakomba tawi zima kwa kiganja mama atajua tu jioni akimimina kwenye maji, yaliyokauka na yaliyokufa yanaelea juu, ya kijani nayo anayaona kwa macho, na hapo unaitwa kwa majina yako yote mawili.

Mzungu kwa kazi ile yote anasema "pick". Neno moja. Mkono unachuma na jicho linachagua, kwake ni kitendo kimoja kisichogawanyika, na mi naamini hapo ndo siri ya hili neno ilipo. Asili yake ya zamani ni kuchoma au kudonoa kwa kitu chenye ncha, ndo maana hata sururu kwa Kiingereza inaitwa "pick", na kile kijiti cha kuchokonolea meno kinaitwa "toothpick". Ni neno la ncha na la vidole. Kutoka kwenye kudonoa likaenda kwenye kuchuma tunda moja moja, na ukishachuma moja ukaacha lingine tayari umeshachagua, basi likabeba na maana hiyo. Kwenye chai wenyewe wana neno lao lingine, "pluck", ile ya majani mawili na kichipukizi kama wanavyochuma kule Rungwe, lakini hata huko ukimuita mchumaji "tea picker" hakuna atakayekushangaa.

Sisi kwenye Kiswahili hii kazi tumeigawa. Tunda juu ya mti unachuma. Kilichoanguka chini unaokota. Kuku anadonoa. Sikio unachokonoa. Mchele na maharage unachambua. Maneno machache kutoka kwenye kitabu unadondoa. Hela kwenye mfuko wa mwenzio mwizi anachomoa. Mgeni stendi unamfuata au unampokea. Na kati ya vitu vingi unachagua. Karibu kote huko Mwingereza anaweza kutumia "pick", akiongeza kaneno kadogo hapa na pale. Kwa hiyo anayefundisha asimpe mtoto neno moja la Kiswahili kama tafsiri, ampe swali la kujiuliza, hapa kuna mkono unachukua kitu au kuna mtu anaamua kati ya vitu? Kama meseji inasema "pick a slot", slot hazishikiki, ni muda, saa tatu, saa nne, basi huo ni uamuzi, kaa hapohapo ulipo uchague. Kama inasema "pick up your letter from the office", barua inashikika na mahali pametajwa, vaa viatu nenda. Yule kijana angekuwa na hilo swali kichwani tu asingepanda kosta.

Halafu kuna suala la "choose", ambalo wengi wanadhani ni pacha wa "pick". Wanafanana lakini uzito mbalimbali. Sote tuliopita shule za hapa tunalijua "choose the correct answer", limo kwenye mitihani tangu tukiwa wadogo, na umewahi kuona mtihani unaandika "pick the correct answer"? Ni nadra sana, maana choose lina kutulia na kupima ndani yake. Pick ni jepesi, la haraka, la kuongea. Piki namba yoyote kati ya moja na kumi. Piki kiti ukae. Lakini mtu akieleza alivyompata mke wake akasema "I picked her" inasikika kama kamtoa kwenye shelfu ya duka, ataambiwa sema "I chose her". Mahali pa kuwaza na kupima huwa wanaenda kwenye choose, na mahali pa kunyoosha mkono tu wanaenda kwenye pick. Sio sheria ya polisi, wanachanganya wenyewe pia, lakini sikio lao linasikia tofauti.

Nililisoma mahali jambo moja likanifurahisha sana, kwamba choose kwa asili ya mbali kabisa ni ukoo mmoja na neno la Kilatini la kuonja. Yaani kuchagua kwa hao mababu kulikuwa ni kuonja kwanza ndo uamue. Na sisi tunalo la kwetu linalolingana na hilo kwa uzuri, neno hiari na neno heri yametoka kwenye mzizi mmoja wa Kiarabu, la kuchagua na la wema ni ndugu wa tumbo moja, ndo maana mtu anasema heri nilale njaa kuliko kuiba, hapo keshachagua na keshasema lipi jema, kwa neno lilelile. Wahenga wakasema hiari yashinda utumwa. Huwa natamani haya yaandikwe kwenye kona yenu pia, watoto waone maneno yana ukoo kama watu.

Nikiwa kwenye choose niseme na hili la maandishi maana linanitesa dukani. Karibu kila wiki naprinti barua ya kuomba kazi imeandikwa "I have choose your company" au "I choosed to study accounting". Naomba mliandike kwa herufi kubwa: leo ni choose, jana ni chose, na baada ya have ni chosen. Leo lina o mbili na linavutwa, chuuz. Jana lina o moja na linasikika chouz. Pick lenyewe halina shida hiyo, ni picked kote, ila hiyo ed isitamkwe "pikedi", sema pikt ukate hapohapo. Na kwenye kutamka kuna mtego mwingine, sisi i yetu ni moja tu wakati Kiingereza wana fupi na ndefu, kwa hiyo mtu anasema pick inasikika "peak", ambayo ni kilele cha mlima au ule wakati wa watalii wengi. Kwa kijana wa hoteli hayo maneno mawili atayatumia kila siku, ni vizuri akayatenganisha mapema.

Sasa "select". Hili ndo watoto wa kidato cha nne wanalijua kuliko yote kwa sababu ya Selform, ile fomu ya kuchagua masomo na shule za kidato cha tano. Nazijaza sana hizo. Mtoto anakaa hapa na mzazi wake, anachagua tahasusi, yaani mchanganyiko wa masomo, PCB ya kwanza, CBG ya pili, zote za sayansi, anachagua na shule anazozitaka, mi nabonyeza. Baadaye TAMISEMI wanatoa majina, na hapo sote tunasema fulani amechaguliwa. Angalieni sasa, mtoto alichagua, halafu amechaguliwa, kitenzi kimoja kwa watu wawili tofauti kabisa wenye nguvu tofauti kabisa. Kwa Kiingereza cha kwanza ni "she chose PCB", cha pili ni "she was selected for HGL" (historia, jiografia na Kiingereza), na ukiviweka hivyo vikiwa viwili mzazi anaelewa haraka kwamba choose ni ya kwetu na select ni ya wao wenye vigezo na ufaulu na idadi ya vitanda. Nimeshawahi kumuona mama analia hapa kwenye benchi anasema lakini si tulichagua? Tulichagua sayansi, wewe mwenyewe ulibonyeza. Nilimshika mkono nikamwambia mama fulani, sisi tulipendekeza, wao ndo wamechagua. Hata sisi mtaani tumelichukua neno lao, tunasema amepata sekondi selekisheni, kwa sababu tunahisi kuna tofauti ambayo chagua peke yake haiibebi.

Na wakati mwingine ni sisi wenye utajiri. Rais anateua waziri, wananchi wanachagua mbunge. Hayo mawili hayachanganyiki kwenye Kiswahili kizuri, uteuzi una mwenye mamlaka mmoja na uchaguzi una sanduku la kura. Kiingereza nao wanayo, "appoint" na "elect", lakini magazeti yao yanapenda kuandika kwenye vichwa vya habari "President picks" fulani, kwa sababu pick ni herufi nne tu na linaenea kwenye nafasi ndogo. Mhariri nyinyi mnajua shida hiyo ya nafasi kuliko mimi. Tatizo anayetafsiri habari hiyo akikariri pick ni chagua ataandika rais amchagua fulani kuwa waziri, na hiyo nimeshaisoma kwa macho yangu kwenye kurasa za mitandaoni, inakaa vibaya. Hapo pick ni teua.

Mfano mwingine ambao Watanzania wengi tunaujua ni wa Hasheem Thabeet, mcheza kikapu wetu. Mwaka 2009 kule Marekani kwenye drafti ya NBA, ile siku timu za ligi yao ya kikapu zinapochukua wachezaji wapya kwa zamu, alikuwa "second pick", akachukuliwa na Memphis Grizzlies, wa kwanza alikuwa Blake Griffin aliyekwenda Los Angeles Clippers. Na nakumbuka watu wengi hapa tukisema Thabeet ni chaguo la pili. Kwa Kiswahili chaguo la pili ni kile unachokichukua baada ya kukosa ulichokitaka, mchumba wa kwanza kakataa ukaenda kwa wa pili. Kumbe maana yake ni kinyume kabisa, kwamba kati ya vijana wote waliokuwepo mwaka ule yeye alikuwa wa pili kuchukuliwa, mbele ya James Harden aliyekuwa wa tatu, mbele ya Stephen Curry aliyekuwa wa saba! Mtoto wa Dar es Salaam. Heshima kubwa ile ikapungua njiani kwa sababu ya tafsiri. Utaratibu wenyewe ni kama belo la mtumba likifunguliwa asubuhi mnadani, simfananishi mtu na nguo naeleza foleni tu, mnapanga mstari, wa kwanza anaingiza mkono anachagua moja, wa pili anafuata, na wa mwisho anakuta zilizobaki. Ile zamu yako ya kuchagua ndo "pick" yako, na yule uliyempata kwa zamu hiyo naye anaitwa "pick". Kwa hiyo Thabeet alikuwa wa pili kuchaguliwa. Semeni hivyo, kila mtu ataelewa.

Kwenye vile vikia vyake sitaki kukaa sana ila viwili vitatu ni muhimu kwa vijana. "Pick up" mnalijua, okota, nyanyua, fuata mtu, pokea simu, na pia kudaka lugha kwa kusikia tu bila kufundishwa, kama vijana wa Tunduma wanavyodaka lugha za upande wa pili wa mpaka. "Pick on" hili ni la kuangalia, maana yake kumwandama mtu, kumwonea kila siku yeye tu. Kuna mtoto wa jirani yangu anasoma shule ya mchepuo wa Kiingereza, akamwambia baba yake "they pick on me", baba akafurahi akadhani wanamchagua kwenye timu. Wiki nzima mtoto anaonewa na nyumbani wanampongeza. Hilo liliniuma. "Pick out" ni kumtambua mmoja kwenye kundi. "Pick at" chakula ni kudonoadonoa, mgonjwa asiye na hamu ya kula. Na yule mtoto anayesema hili sili, lile sili, wanamuita "picky", sisi tunasema anachaguachagua, na kwa mtu mzima tuna methali yake, mchagua nazi hupata koroma.

Ninachoomba kwenu ni hiki. Neno kama hili msiliwekee neno moja mbele yake, wekeni sentensi mbili tatu za maisha ya huku kwetu, za kahawa, za stendi, za simu, za fomu. Maneno matano kwa wiki yaliyoelezwa yatatusaidia kuliko kumi yaliyopangwa kama bei za duka. Na waajiri wanaosoma gazeti hili nao nawaomba, kama unamuita kijana wa Vwawa au wa Kyela kwenye usaili wa kazi ya Mbeya, mwandikie Kiswahili. Andika chagua siku na saa ya usaili kupitia linki hii. Hata mahakama zetu tangu sheria ilivyobadilishwa mwaka 2021 lugha yao ni Kiswahili, sasa meseji ya kuitwa kazini inashindikana nini? Kama unataka kumpima Kiingereza mpime akishafika mbele yako, usimpimie getini kwa herufi nne. Kijana huyu wageni angewapokea vizuri sana, anakijua Kiingereza cha mezani na cha vyumba, menyu anaisoma yote. Neno moja la mtaani ndo lililomtoa.

Juzi Jumatatu kaja tena hapa, kapata ujumbe kutoka sehemu nyingine, mara hii Iringa, na safari hii kaufungulia dukani kwangu kwenye kompyuta kwanza. Umeandikwa "We will pick three people for a second interview." Akausoma mara mbili akiuwekea kidole kwenye skrini, akaniuliza, "Mamdogo, hapa anayepiki ni mimi au ni wao?" Nikamwambia soma mwanzo wa sentensi. Akasema "we". Nikamwambia basi ni wao, wewe kaa usubiri, simu iwe na chaji na bando usiliache likakata. Kakaa pale kwenye benchi akachukua gazeti lenu, akaanza kusoma.

Ni mimi msomaji wenu,
Mama Steshenari,
Vwawa, Songwe.